Fotoni Moja, Kazi Nyingi

Joto ni chombo cha mkemia mvivu. Kauli hii ni kali, na wenye viwanda wana haki ya kuipinga, lakini ina ukweli ndani yake: joto husukuma molekuli zote bila kuchagua, na mara nyingi nusu ya kazi inayobaki ni kutenganisha mchanganyiko uliotokana na pupa hiyo. Nuru haina tabia hiyo. Kanuni inayobeba majina ya Grotthuss na Draper, wataalamu wa karne ya 19, inasema kwamba mwanga unaopita ndani ya dutu bila kunyonywa haubadilishi kitu. Hutenda ule ulionyonywa tu. Kwa hiyo mkemia wa nuru hana nafasi ya kulazimisha. Inambidi aiunde molekuli yenyewe ili ipokee mwanga wa aina moja na kuuacha mwingine ujipitie. Ninachodai ni kwamba hapo ndipo ulipo ufundi wake: si katika kuupata mwanga, maana jua linautoa bure, bali katika kuufanya mwanga haba ufanye kazi kubwa, tena mahali palepale palipokusudiwa.

Uhaba huo ulionekana mapema. Giacomo Ciamician, aliyekuwa profesa wa Bologna, Italia, tangu 1889, alipanga pamoja na mwenzake Paul Silber chupa za kioo juani kwenye jengo la maabara yao na kuziacha zimulikwe, nyingine kwa miezi. Mwaka 1912, akihutubia mkutano wa wakemia New York, alisema kuwa ustaarabu unaotegemea makaa ya mawe unakula akiba ya jua la kale, na akawazia viwanda visivyo na moshi katika nchi kame, vikiendeshwa na jua la leo. Alifariki 1922, na viwanda hivyo hakuviona. Msomaji mgumu atasema basi kazi yote ile ilikuwa ndoto tupu. Sikubali. Mimenyuko aliyoichunguza ni halisi na bado inafundishwa, na miezi ile ya kungoja iliweka wazi tatizo lenyewe: mwanga humfikia mkemia ukiwa umetawanyika, na anayetegemea kila fotoni ifanye tendo moja tu atangoja sana.

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka California, katika maabara ya IBM huko San Jose, karibu na mwaka 1980. Saketi za chipu huchorwa kwa kupitisha mwanga kwenye kiolezo hadi juu ya utando mwembamba wa polima uliopakwa kwenye silikoni. Mistari ikitakiwa iwe myembamba zaidi, mwanga nao sharti uwe wa mawimbi mafupi zaidi, na taa za zebaki za wakati huo zilitoa mwanga mchache sana wa urujuanimno wa karibu nanomita 250. Hiroshi Ito, Grant Willson na Jean Fréchet hawakudai taa kubwa zaidi. Walitengeneza polima iliyobeba vikundi vinavyokatika vikiguswa na asidi, wakaichanganya na chumvi inayotoa asidi ikipigwa na mwanga. Asidi hiyo ni kichocheo: hukata kikundi kimoja, isiishe, ikaenda kukata kingine, kama kibarua anayemaliza shimo na kuhamia jingine bila kudai ujira. Utando hupashwa moto ili kazi iende haraka. Kisha sehemu iliyomulikwa huyeyuka katika maji yenye alkali na isiyomulikwa hubaki. (Joto limerudi, ndiyo, lakini safari hii linafuata pale nuru ilipokwisha kuchagua.)

Ubunifu huo ulikuwa na gharama. Asidi ikiwa chache namna hiyo, mvuke kidogo tu wa amini hewani uliweza kuizima juu ya utando, na michoro ikaharibika. Vichujio vya mkaa viliwekwa kusafisha hewa ya vyumba vya kazi, na Ito baadaye akafuata njia ya kikemia: polima inayostahimili kuokwa kwa joto kali zaidi kabla ya kumulikwa, ili utando ushikamane na kuuzuia mvuke usipenye. Mimi naisifu hatua hii ya pili kuliko uvumbuzi wa kwanza. Kubuni kunahitaji siku njema. Kurekebisha kunahitaji mtu anayeijua dutu yake mpaka ndani.

Wapo watakaosema heshima ni ya lenzi na leza. Lakini lenzi huchora kivuli tu, nacho hutoweka taa ikizimwa. Kinachokigeuza kuwa saketi ni polima. Tena, mashine za sasa zinazotumia mwanga wa nanomita 13.5 zimeongeza uzito wa hoja yangu. Kila fotoni ya mwanga huo hubeba nishati karibu mara 18 ya ile ya nanomita 248, kwa hiyo kwa kiasi kilekile cha nishati fotoni zinazofika ni chache mara hiyo hiyo. Uhaba wa Bologna umerudi kwa mlango mwingine.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine: chumvi nyingi za kutoa asidi zina florini, na mabaki yake hayaozi kwa urahisi katika mazingira. Hilo halina utetezi, na kusifu ufundi si kuufumbia macho uchafu wake. Ila kosa liko katika molekuli fulani, si katika wazo la kuzidisha kazi ya nuru, na kubadili molekuli ndiyo kazi ya watu hawa hawa.

Willson na Fréchet walipewa Tuzo ya Japani mwaka 2013. Ito alikuwa amefariki 2009. Walimu wa kemia wanaotafuta mfano wa kichocheo wa kumpa mwanafunzi wasiishie kwenye chupa za maabara ya shule. Wamwonyeshe na simu iliyo mfukoni mwake.