Umati Unaopanda: Brashi ya Ntiro na Tezo ya Mmakonde

Mtu akaaye Mabogini, kati ya majaruba ya mpunga, huuona Mlima Kilimanjaro wote kwa mtazamo mmoja, kuanzia migomba hata theluji ya Kibo. Ama yule aliyelelewa Machame, mlimani kwenyewe, kama marehemu mchoraji Sam Ntiro aliyezaliwa huko mwaka 1923, aghalabu hauoni mlima, bali huona mteremko wa ng'ambo ya korongo uliomsimamia usoni, na juu yake nyumba, watu na vihamba, kila kimoja kichwani mwa mwenziwe. Nadhani mahali hapo pa kusimama ndipo ulipoanzia ustadi wake.

Wako waliosikitika kwamba mtu huyu, aliyefundishwa na Bibi Margaret Trowell huko Makerere, kisha akaendelea na masomo katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, na baada ya Uhuru akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika Uingereza, hakuonekana kujifunza Ulaya namna ya kuonyesha umbali. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ukingo wa mbingu aliupandisha karibu na kichwa cha turubai, akaiinua ardhi, na mtu aliye mbali hakumpunguza sana, bali alimweka juu ya aliye karibu, hata asiwepo amzibaye mwenzake. Kwa hila hiyo picha yake ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, aliyoichora 1956 na Museum of Modern Art ya New York ikainunua 1960, ingawa upana wake ni kama nusu mita tu, imeuchukua msafara pamoja na nchi yake. Nyuso za watu wake hazina habari nyingi, na mgeni hudhani huo ni upungufu wa uhalisia. Lakini huyu ndiye aliyeandika Desturi za Wachagga, kitabu kilichotoka 1953, na uhalisia alioutaka ni wa mpangilio wa matendo: nani hutangulia, nani hubeba, nani hupokea.

Mchongaji wa Kimakonde naye huupandisha umati, ila hana turubai wala upana. Ana gogo moja la mpingo, mara nyingi jembamba na lililopinda, zito hata huzama majini. Roberto Yakobo Sangwani, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha katika miaka ya 1950 mtindo wa dimoongo, ambao baadaye uliitwa ujamaa, aliufuata mti ulivyo: wa chini amebeba, wa juu amekanyaga mabega, na jamaa wote wametoka katika kipande kimoja kisicho na gundi wala msumari. Shoka huondoa kwanza ule weupe wa nje, tezo hutoa vichwa na migongo, kisha patasi huingia baina ya miili na kutoboa matundu, na hapo ndipo kazi hufaulu au huharibika, kwani mkono uliokatika haurudishwi. Zilizobaki ni tupa, msasa na nta.

Basi wote wawili wameufanya umati kwa kuupandisha, mmoja kwa ajili ya jicho lake, mwingine kwa ajili ya gogo lake. Lau makumbusho ingeandaa maonyesho maalumu ya kuwakutanisha, isingefaa picha kukaa chumba kimoja na sanamu chumba kingine. Picha hutaka nuru tulivu iliyoenea. Mpingo uliong'arishwa, ukimulikwa kwa mbele, hurudisha mwanga kwa madoa meupe yanayoyaua matundu, kwa hiyo taa yake iwe ya ubavuni. Sanamu isiegemezwe ukutani, bali isimame katikati juu ya meza fupi, ili jicho lianzie kiunoni mwa umati na kupanda lenyewe. Na picha itundikwe pale ambapo mtu, akiisha kuizunguka sanamu, hujikuta mbele yake, tena pasiwe na kamba ya kumzuia asisogee hata urefu wa mkono, kwani watu wa Ntiro hawasomeki kwa mbali.