Ishara Isiyosema: Uvutaji wa Sigara katika Filamu na Udhaifu wa Onyo la Maandishi

Mjadala kuhusu filamu na uvutaji wa sigara miongoni mwa vijana umeachiwa kwa kiasi kikubwa wataalamu wa afya. Mwaka 2012, ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ilihitimisha kwamba uvutaji unaoonyeshwa katika filamu husababisha vijana kuanza kuvuta. Athari imethibitishwa, kinachosalia kwa uhakiki ni kueleza jinsi ishara hiyo inavyofanya kazi.

Superman II (1980) ni mfano bayana. Lois Lane, ambaye katika vibonzo vya awali hakuwa mvutaji, anavuta Marlboro, na katika pambano mjini linaonekana lori lenye jina hilohilo. Kampuni ya Philip Morris ililipia jina lake lionekane. Hata hivyo, hakuna mhusika anayeisifu sigara, na ukimya huo ndio nguvu yake. Tangazo la biashara hujitambulisha, hivyo mtazamaji anaweza kulipinga. Sigara iliyo mkononi mwa mhusika anayependwa husomwa kama sehemu ya hulka yake: ujasiri, uhuru na utu uzima, yaani mambo yaleyale ambayo kijana wa miaka 14 anayatamani.

Licence to Kill (1989) iliambatanishwa na onyo la kiafya, lakini liliwekwa mwishoni, pamoja na orodha ya washiriki, wakati hadhira inainuka vitini. India ilikwenda mbali zaidi mwaka 2012 kwa kuagiza onyo lionekane chini ya picha wakati mhusika anapovuta. Utaratibu huo ni bora, ila bado unategemea msomaji anayeijua lugha ya onyo.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapohusika. Katika vibanda vya video vya Tanzania na Uganda, filamu nyingi za kigeni huonyeshwa zikiwa na sauti ya msimulizi anayezifasiri kwa Kiswahili au Kiganda. Msimulizi hufuata mazungumzo na matukio. Hakuna kinachomlazimu kusoma onyo. Picha ya sigara haihitaji mkalimani, lakini onyo lisipofasiriwa haliwafikii walengwa. Sheria za kudhibiti tumbaku za Kenya (2007) na Uganda (2015) zinapiga marufuku matangazo ya tumbaku, lakini ni vigumu kumpata wa kuwajibishwa kwa tangazo lililolipiwa ng'ambo miongo kadhaa iliyopita.

Hoja ya uhuru wa sanaa ina uzito: kukata tukio ni kuharibu kazi, na filamu ya kihistoria yaweza kuhitaji mvutaji. Kwa hiyo sera haina haja ya mkasi. Inafaa uvutaji uwe kigezo cha kuainisha filamu kwa umri, na onyo litamkwe kabla ya filamu kuanza, katika lugha ileile ambayo hadhira itasimuliwa hadithi.