Kipaza Sauti: Jina Moja, Vyombo Viwili

Mwalimu mmoja wa Tabora alituletea kijitabu cha maelezo kilichofungwa pamoja na televisheni ya shule, akitaka tumfafanulie sentensi hii: "Kama sauti haisikiki, unganisha kipaza sauti cha nje kwenye tundu la sauti." Kabatini alikuwa na maikrofoni, spika mbili za zamani na kikuza sauti chake. Akachomeka maikrofoni. Televisheni ikabaki kimya, na kipindi alichowakusanyia wanafunzi kikapita.

Kwa maoni yetu kosa si lake. Katika mkutano wa hadhara msemaji hushika kipaza sauti. Juu ya mnara wa msikiti nako hufungwa vipaza sauti. Chombo cha kwanza hupokea sauti na kuigeuza umeme. Cha pili hupokea umeme na kuugeuza sauti. Kazi zao ni kinyume kabisa, nasi tumevipa jina moja. Mkutanoni hapana madhara, maana macho yanaona. Msomaji wa maelezo ya ufundi hana pa kushika ila neno.

Wako watakaosema kwamba spika na maikrofoni ni maneno ya kuja. Ni kweli, lakini kesi hii imetoka Unyanyembe. Wapagazi wa karne ya 19, katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, walibeba nguo iliyotoka Marekani wakaiita amerikani, wala hakuna aliyeidhania kaniki. Jina lilikuwa geni, ila lilitaja kitu kimoja. Mafundi wa leo wamefanya vivyo hivyo kwa sabufa. Na king'amuzi, lililo letu wenyewe, halimpotezi mtu.

"Tundu la sauti" ni baya zaidi. Nyuma ya televisheni na ya kikuza sauti aghalabu mna matundu yanayofanana, jekundu la upande wa kulia na jeupe la kushoto. Ukiunganisha la kutolea na la kutolea, hutasikia kitu. Twapendekeza tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia sauti, na kila mara chombo kitajwe. Kwani sauti itokayo kwenye televisheni ndiyo iingiayo kwenye kikuza sauti, kama mzigo uliotoka Bagamoyo ulivyokuwa mzigo ulioingia Tabora.

Haki itendeke: mfasiri ametenganisha vizuri kuzima na kunyamazisha. Lakini hakueleza kwamba televisheni nyingi, zikishaamriwa kutumia spika za nje, hunyamazisha zake zenyewe, na mwenye chombo hudhani kimeharibika.

Sentensi ile tungeiandika hivi: "Kama spika za televisheni hazitoi sauti, chomeka ncha moja ya waya kwenye tundu la kutolea sauti la televisheni, na ya pili kwenye tundu la kuingizia sauti la kikuza sauti chenye spika." Mwalimu aliisoma mara moja, akaenda kutafuta waya.