Hongera, walimu wa Uraia

Usiku wa Machi 17, 2021 taifa lilitangaziwa kifo cha Rais John Magufuli. Mwalimu wa Uraia, awe Tunduma mjini au Ibaba, milimani Ileje, hakuhitaji maktaba ya sheria ili kufundisha: redio na nakala ya Katiba ya 1977 vilitosha.

Ibara ya 37(5) inasema Makamu wa Rais ndiye humalizia muhula. Machi 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa, na kabla mwezi haujaisha Bunge likamthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu. Likabaki swali tamu la ubaoni: je, Samia atagombea mara ngapi? Ibara ya 40(4) yajibu kwa hesabu. Akirithi miaka 3 au zaidi, mara moja tu; pungufu ya hapo, mara mbili. Muhula ulianza Novemba 2020. Piga hesabu!

Mfano mwingine unawagusa wasichana wenyewe. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi aliishinda Serikali Mahakama Kuu, akipinga Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 ilhali mvulana husubiri 18. Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Hapo usawa mbele ya sheria, wa Ibara ya 13, hauhitaji kukaririwa.

Kufundisha hivi ni kazi ngumu, maana siasa ya siku huwa moto, na mwalimu mwoga hukimbilia kuamuru wanafunzi wanakili notsi. Wasiokimbia wanastahili pongezi, na shule ziwapatie nakala za Katiba za kutosha darasa zima.