Kipi Kifuate Kipi: Kupima Programu ya Piano Bunia

Ukipewa karatasi ya programu ya piano hapa Bunia, majina ya watunzi yaache kwanza. Uliza chombo. Piano kamili ina vitufe 88. Vinanda vingi vya umeme tunavyopiga makanisani vina 61, oktava tano tu. Mpangaji aliyeweka La cathédrale engloutie ya Debussy (1910) kwenye kinanda cha namna hiyo hajakijaribu: sauti nzito za chini, zinazoubeba ukubwa wa lile kanisa lililozama, hazimo. Aliyemchagua Bach anajua kazi yake. Kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier, cha 1722, hakivuki oktava nne.

Sasa tazama mpangilio. Vipande vitatu vya polepole mfululizo huwalaza watu. Hilo halihitaji mtaalamu. La kujificha ni ufunguo: vitatu vyote vikiwa C meja, masikio huchoka na mwenyewe asijue kwa nini. Chopin, katika prelude zake 24 za Opus 28, alipitia funguo zote, kila meja ikifuatwa na maina yake ya jamaa. Anayejifunza kupanga aanzie hapo. Na akiitumia sonata ya mwisho ya Beethoven, Opus 111 ya 1822, aiweke mwisho na asipige cha nyongeza, hata watu wakishangilia vipi. Akipiga, mimi namkata alama.

Lakini programu ya Bunia naipima zaidi kwa msikilizaji wake. Mkoani Ituri wapo watu waliokulia karibu na uimbaji wa Wambuti, sauti nyingi zikipishana na kusukana. Fuga ya Bach itawatisha kwa lipi? Mwaka 2003 mpiga piano Pierre-Laurent Aimard alitoa diski iliyopishanisha etyudi za Ligeti na nyimbo za Waaka, jamaa wa misitu ya magharibi zaidi. Hapa ningependa fuga moja, kisha waimbaji wa msituni wenyewe jukwaani, kisha fuga nyingine. Kubandika wimbo mmoja wa kwaya mwishoni, kama peremende ya kumbembeleza mtoto, ni woga.

Urefu? Saa moja yatosha. Umeme ukikatika kinanda hunyamaza papo hapo, kwa hiyo kipande kirefu kuliko vyote kipigwe mapema, jenereta ikiwa na mafuta ya kutosha.