Mpishi na Wageni Wake: Tuipime Hadithi ya Babette

Wazee wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea, nasi huisema mgeni anapovuka kizingiti. Lakini ni mara chache twajiuliza mwenyeji huponywa nini, na mgeni mwenyewe hupata nini baada ya kuwaponya wenzake. Leo twataka kuipima hadithi moja ya Ulaya ambayo ni kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyo. Jina lake ni Karamu ya Babette. Mtungaji wake ni Karen Blixen, bibi wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1962. Bibi huyo si mgeni kabisa kwetu, maana alikaa Kenya karibu na vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hata mwaka 1931, akilima kahawa. Hadithi yake ilipigwa chapa katika gazeti la Marekani mwaka 1950, ikatiwa katika kitabu mwaka 1958. Na mwaka 1987 Gabriel Axel akaifanya sinema, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Hata marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliitaja mwaka 2016 katika waraka wake juu ya upendo wa jamaa, akionyesha jinsi ilivyo tamu furaha ya mtu anayewafurahisha wengine.

Hadithi iliyosifiwa hivyo yastahili kusomwa na Wakristu. Nasi twaisifu; lakini liko jambo moja ambalo wasifuji wengi hulipita, nalo latuhusu sana sisi wa vijijini.

Mambo yenyewe kwa ufupi ni haya. Katika Berlevaag, mji mdogo wa pwani ya Norwei, walikaa dada wawili wasioolewa, Martine na Philippa. Baba yao alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti aliyekusanya wafuasi, akawafundisha kuzihesabu anasa za dunia kuwa si kitu. Alipokufa, binti zake wakawatunza wafuasi wale, na mapato yao madogo wakayatumia kwa maskini na wagonjwa. Mwaka 1871, usiku wa mvua, akafika mlangoni mwao mwanamke wa Kifaransa, Babette, Mkatoliki, hana kitu mkononi. Mume wake na mwanawe walikuwa wameuawa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mjini Paris. Wakampokea awe mpishi wao, ingawa kwa hofu, kwa kuwa walikuwa wamesikia mabaya mengi juu ya Wakatoliki. Hata walipomkuta jikoni ameinamia kitabu kizito cheusi, walishuku moyoni kwamba ni kitabu cha sala za Kikatoliki.

Babette alikaa nao miaka kumi na miwili. Ndipo alipopata faranga 10,000 katika bahati nasibu ya Ufaransa. Siku zile dada walikuwa wakijitayarisha kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa baba yao, tarehe 15 Desemba 1883. Babette akaomba ruhusa aandae karamu ya siku hiyo kwa mali yake mwenyewe. Vikaletwa vitu kwa merikebu: mvinyo, ndege wadogo waitwao tombo, hata kasa aliye hai. Wazee wale wakaingiwa na woga, wakaahidiana kwamba watakula, lakini hawatatia neno lolote juu ya chakula. Wakaketi mezani watu kumi na wawili. Walipokuwa wakila, mioyo ikalainika. Waliogombana miaka mingi wakasameheana. Na katika sinema twawaona wakitoka nje usiku, wakashikana mikono na kuimba kama watoto. Wageni walipokwisha kwenda, dada wakaambiwa na Babette kwamba zamani alikuwa mpishi mkuu wa Café Anglais, nyumba ya chakula iliyojulikana sana Paris, na ya kwamba faranga zote 10,000 zimekwisha katika karamu ile moja.

Kwanza tuseme lililo jema. Mtungaji ameijua sana amani ya mezani. Watu wa Berlevaag hawakukosa mahubiri wala nyimbo. Mambo hayo walikuwa nayo tangu ujana wao. Hata hivyo wanawake wawili wazee walikuwa bado wakikumbushana masengenyo ya zamani, na mtu aliyempunja ndugu yake katika biashara alikuwa hajaungama mbele yake. Babette hakuwahubiri. Hakumvuta hata mmoja aingie dini yake. Aliwapa kile alichokijua, na kwa mkono aliojaliwa na Mungu, wala hakuuliza kwanza kama wanastahili. Mtu aliyezoea kusali pamoja na jirani asiyesemezana naye atafahamu kwa nini sahani moja yaweza kufanya lile ambalo hotuba haikuliweza: mahali pa kula hatuwezi kujificha nyuma ya kitabu, hatuna budi kuinua uso na kumwambia mwenzetu, nipokeze chumvi.

Lakini kwa maoni yetu jambo kuu la hadithi limo katika kurasa zake za mwanzo, ambazo wasomaji huzipita mbio wapate kuifikia karamu. Dada walipomfundisha Babette mapishi ya kwao, samaki mkavu na mchuzi wa mkate uliolowekwa katika pombe, walimwambia kwamba chakula chao wenyewe si kitu. La maana ni vikapu na ndoo za mchuzi zinazopelekwa kwa maskini na wagonjwa. Babette akaishika kazi hiyo. Baada ya muda si mrefu gharama za nyumba zikapungua, na wagonjwa wakaona kwamba mchuzi una nguvu mpya. Katika sinema, Babette anaposafiri siku chache kwa ajili ya karamu, dada wanarudia kupika wenyewe. Mzee mmoja anaonja, na uso wake wasema yote.

Hapo wasomaji tungesimama kidogo. Mwanamke ambaye matajiri wa Paris walikuwa wakimlipa kwa ustadi wake, aliutia ustadi ule ule katika ndoo ya mgonjwa, wala hakumwambia mtu kwamba yeye ni nani. Karamu ilikuwa ya usiku mmoja; ndoo zilipelekwa miaka kumi na miwili. Basi, kutembelea parokia maana yake ndiyo hiyo. Kumpelekea mgonjwa chakula kisichotiwa chumvi, kwa sababu tu ni cha sadaka, ni kumwambia kwamba yeye si mtu kama sisi. Mtu anayepika kwa uangalifu ameanza kumtembelea mgonjwa kabla hajatoka nyumbani kwake.

Sasa twaja kwenye lawama yetu. Usiku ule wa karamu Babette hakuketi mezani. Wageni walikula, wakapatana, wakaenda zao, na hakuna aliyeingia jikoni kumwambia ahsante. Dada walipokwenda kumtazama, walimkuta ameketi peke yake, amechoka, katikati ya masufuria machafu. Walimshukuru, na mwisho Philippa akamkumbatia. Nasi twakiri kwamba kumbatio lile ni zuri, na ya kuwa Baba Mtakatifu hakukosea kulisifu. Lakini mtungaji aridhika nalo upesi mno. Amtaka Babette awe fundi mkuu, naye fundi mkuu, kama asemavyo Babette mwenyewe, si maskini kamwe. Maneno hayo ni mazuri kwa fundi. Kwa Mkristu hayatoshi. Katika mji mzima alikuwa Mkatoliki wa peke yake, mbali na Misa, mbali na makaburi ya watu wake; ikawa hata katika karamu aliyoitengeneza yeye, mahali pake ni jikoni. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona, mgeni je?

Pengine mtungaji aliyajua mambo haya kuliko alivyoandika. Katika kitabu chake juu ya Kenya, kilichotoka mwaka 1937, amesimulia habari za Kamante, kijana Mkikuyu aliyeponywa miguu katika hospitali ya misioni ya Waskoti, akawa Mkristu, kisha akawa mpishi wake. Kamante aliweza kupika vyakula vya Kizungu hata wageni wakubwa wakastaajabu. Lakini yeye mwenyewe hakuvipenda, alirudia mahindi ya baba zake. Hatusemi kwamba Babette ni Kamante. Twasema tu kwamba bibi huyu alikuwa ameona kwa macho yake mtu anayewapikia wengine karamu asizozila.

Na sisi tumeona. Fikirini sikukuu ya somo wa parokia, au siku ya Kipaimara, Askofu anapotutembelea. Tangu usiku wa manane akina mama wapo mekoni nyuma ya kanisa. Kengele ya Misa yalia, nao wanachambua mchele. Injili yasomwa, nao wanapuliza moto. Wakati wa Komunyo wengine husimama mlangoni kwa haraka, mikono ina majivu, na wengine hawafiki kabisa. Kisha wageni huketi kivulini, hupewa soda na nyama. Na wapishi hula ukoko jua likishuka. Twawaita Martha, tukicheka, kana kwamba Bwana wetu alimwambia Martha abaki jikoni. Tuisome vizuri Injili ya Mtakatifu Luka: Bwana alimhurumia kwa kuhangaika na mambo mengi.

Wala sisi walimu hatumo katika wasio na hatia. Mwaka mmoja, katika parokia moja ambayo hatutaitaja, tulikula sikukuu kwenye meza ya walimu hata tukashiba sana. Kesho yake tukapita kwa bibi mmoja mzee asiyeweza kuondoka kitandani, ambaye nyumba yake yatazamana na kanisa. Akatuuliza kwa upole, ‘Wanangu, sikukuu ilikuwa jana? Nilisikia harufu ya pilau.’ Hatukuwa na la kujibu. Vyakula vilivyobaki siku ile vilikuwa vimechukuliwa majumbani kwa ndoo, na hakuna ndoo iliyovuka njia kwenda kwake. Tangu siku hiyo hatuwezi kuisoma hadithi ya Babette kwa ajili ya tombo na mvinyo tu.

Wako watakaosema kwamba kosa la Babette ni matumizi mabaya: faranga 10,000 zingewalisha maskini siku nyingi. Neno hili twalijua, maana lilisemwa na Yuda juu ya marhamu ya Maria kule Bethania, yaliyokadiriwa dinari 300. Babette alitoa mali yake mwenyewe, kwa hiari, wala hakumwendea mtu yeyote kumwomba mchango. Kwetu mambo ni kinyume. Karamu ya ubatizo au ya Komunyo ya kwanza huandikiwa michango, majina husomwa mbele ya watu, na maskini hukopa ili asiaibike. Huo si ukarimu wa Babette. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo lililo karibu na hilo: walikusanyika kwa meza ya Bwana, huyu ana njaa na huyu amelewa, wakawatahayarisha wasio na kitu.

Wako tena waonao katika karamu ile mfano wa Ekaristi, kwa sababu ya wale kumi na wawili mezani, na mvinyo, na msamaha. Mfano waweza kuwa, tusiukaze sana. Lakini kama tukiukubali, basi na tuukubali wote. Siku ya Karamu ya Mwisho Bwana aliwatuma Petro na Yohane watangulie kuandaa Pasaka. Waliandaa, na saa ilipofika waliketi naye mezani pamoja na wenzao, na aliyewaosha miguu ni Bwana mwenyewe. Baada ya kufufuka aliwasha moto wa makaa ufuoni, akaweka samaki juu yake, akawaita waliokuwa wamechoka kwa kuvua usiku kucha waje wafungue kinywa. Katika meza ya Kristu aliyeandaa haachwi nje. Hicho ndicho kipimo chetu, na kwa kipimo hicho hadithi ya Babette, pamoja na uzuri wake wote, yapungukiwa kiti kimoja.

Basi, wasomaji wetu, hadithi hii isomeni, na mwenye nafasi aitazame sinema yake, kisha tukae katika jumuiya zetu ndogo ndogo tushauriane. Wapishi wa sikukuu wagawanywe zamu, na akina baba wasione haya kushika mwiko, ili kila mtu asikie Misa nzima. Sahani za kwanza zitoke kwenda kwa wagonjwa kabla mgeni yeyote hajanawa mikono. Tunapomtembelea jirani tusikae kungoja achinjiwe kuku wetu. Tuchukue kitu mkononi, hata kama ni mihogo, nacho kiwe kimepikwa vizuri. Na mwisho wa karamu, kabla ya hotuba za shukrani kwa wakubwa, mmoja wetu aende nyuma ya kanisa, awaite wapishi kwa majina yao, na watu waliokwisha kula wainuke, wawapishe viti.