Foleni Nyuma ya Ripoti za Masisi na Walikale

Mwezi ukiisha, ofisi za zoni za afya za Mweso na Kirotshe, upande wa Masisi, na za Itebero na Kibua, upande wa Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huwa na kazi ileile: kukusanya fomu za vituo na kuingiza tarakimu zake katika DHIS2. Programu hii, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba takwimu za afya za Kongo. Mtandao ukikatika, fomu hubaki kwenye kifaa. Ukirudi, vifaa vingi huigeukia seva kwa mpigo mmoja.

Kila tarakimu inayobadilishwa huzaa kazi mbili. Ya kwanza ni kuihifadhi, na hiyo karani huisubiri. Ya pili ni kuandika nani kaibadilisha na lini. Wasanifu wa DHIS2 waliitenga hii ya pili: rekodi ikishahifadhiwa, ujumbe wa ukaguzi hutumwa kwa Apache ActiveMQ Artemis, programu ya kupanga foleni za ujumbe, kisha uzi mwingine wa utendaji huushughulikia. Karani hana haja ya kuungoja.

Ugumu huja foleni ya jumbe hizo inapokuwa ndefu. JMS, kanuni za Java za kutumiana ujumbe zilizozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ambazo Artemis nayo huzitumia, hairuhusu nyuzi mbili kutumia sesheni moja, yaani kikao kimoja cha mawasiliano, kwa wakati mmoja. Kufungua sesheni mpya kwa kila ujumbe nako ni gharama. Kwa hiyo kanuni hizo zikaipa seva nafasi ya kuweka akiba ya sesheni: ujumbe ukifika, sesheni iliyo huru hutolewa na kukabidhiwa uzi wake, kazi ikiisha, hurudishwa akibani.

Akiba iwe kubwa kiasi gani?

Jibu liko kwenye hifadhidata, maana huko ndiko kila ujumbe wa ukaguzi unakoishia. DHIS2 isipobadilishwa mipangilio huruhusu miunganisho 80 ya hifadhidata, nayo hutumiwa pia na makarani. Tuseme seva ina sesheni 100 zinazoandika kwa pamoja: angalau 20 zitakosa muunganisho, na karani anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi atakosa pia. Foleni imehama tu.

Kuna pia suala la mpangilio. Karani akiandika wagonjwa 48 wa malaria, kisha akasahihisha kuwa 84, jumbe mbili zinaweza kuangukia sesheni mbili, na wa pili ukamalizwa kwanza. Mkaguzi atadhani 84 ndiyo iliyofutwa, isipokuwa kila ujumbe umebeba saa yake tangu ulipozaliwa.

Iwapo foleni huhifadhiwa kwenye diski, seva ikizimika kabla sesheni haijathibitisha kupokea, ujumbe ule ule hurudi kwenye foleni na kuletwa tena. Hapo utambulisho wa kipekee wa kila ujumbe ndio unaoweza kuzuia sahihisho moja kuandikwa mara mbili.